Daftari la Vibarua

Wenye msiba bado wanaishi Kasoli, kwa hiyo mwaka sitautaja, wala kiwanda. Ulikuwa msimu wa kununua pamba, upepo wa Julai ukivuma, na ghala lilikuwa limejaa hata marobota mengine yakalala uani chini ya turubai.

Saa 7:40 mchana. Cheche iliruka kwenye mashine ya kuchambulia. Wazoefu hawakushangaa: mkulima akitia mchanga na vijiwe kwenye pamba ili uzito uongezeke, vijiwe hivyo huja kukutana na chuma. Vijana waliupiga moto kwa magunia, ukafifia, kazi ikaendelea. Robota lililokuwa limeshindiliwa dakika ile likasukumwa ghalani pamoja na mengine. Robota moja lina kilo zipatazo 180, limebanwa kwa waya. Moto ukiingia humo haulipuki, unatafuna kwa ndani kimyakimya kama mchwa.

Saa 8:25. Moshi ulianza kuchuruzika chini ya bati. Mwano, ukelele wa kuita msaada, ukapigwa, na Msukuma akisikia mwano hasimami kuuliza, anakimbilia unakotoka. Siku nyingine hiyo ni sifa. Siku ile uwanja ulijaa watu mamia wasio na wa kuwaongoza. Huyu anaamuru marobota yatolewe, yule anataka turubai zivutwe, msimamizi anapigia kelele mashine zake. Namba 114 ya zimamoto kila mtu alidhani mwenzake ameshaipiga. Aliyeipiga hatimaye ni mama muuza chai wa getini, na saa ilikuwa 8:50.

Nilipokuja kusikia habari za Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta limepinduka, watu wamelizunguka na madumu, kisha mlipuko na vifo zaidi ya 100, niliuona uwanja wetu. Kule ni mafuta, kwetu ni kutaka kusaidia. Miguu iliyoufuata moto ni ileile.

Saa 9:05. Aliyetutoa pale ni kamanda wa sungusungu, mzee mmoja mwenye filimbi na rungu. Ya moto hakuyajua, lakini watu walizoea kumtii. Alivuta kamba ya katani kutoka mwembe hadi mwembe, akasema atakayeivuka atatozwa faini. Kisha akaomba daftari la malipo ya vibarua, akalisoma jina kwa jina kwa sauti. Majina yalikuwa 31. Waliitika 30.

Saa 9:40. Gari la zimamoto lilifika kutoka Bariadi. Ofisa akaruka chini. “Nani anaongoza hapa?” Watu wanne wakajibu kwa pamoja. Mzee hakujibu, alinyoosha daftari tu. “Na nani hajaonekana?” Mzee akaweka kidole kwenye jina.

Askari wakiwa wanakunjua mipira, ofisa akaanza kulizunguka ghala kwa miguu. Tulimtukana. Moto unawaka, yeye anatembea! Leo najua alikuwa anatazama upepo unaelekea wapi, ukuta upi umepinda, milango ni mingapi. Halafu akamweka askari mmoja pembeni, filimbi mdomoni, asiguse mpira wala ndoo, kazi yake kulitazama paa. Huyo naye tulimwita mvivu.

Saa 10:00. Askari wawili waliingia na mitungi ya hewa mgongoni. Wa tatu aliandika muda wao kwenye kipande cha boksi: dakika 10, wasizidishe. Walitoka kwenye ya 8, mikono mitupu. Mjomba wa kijana aliyekosekana akamshika ofisa ukosi.

“Baba, warudishe! Mtoto yumo!”

Askari mmoja alikuwa ameshageuka kurudi. Ofisa akamzuia kwa mkono, akamwambia mjomba taratibu, “Mzee wangu, nikiwarudisha nitakuwa na watu watatu wa kuwatafuta.” Sijawahi kuona mtu akichukiwa na umati kiasi kile.

Saa 10:25. Filimbi ya yule mvivu. Wote nyuma, mipira ikaachwa chini. Kenchi zilikuwa zimeshalegea, bati zikajikunja, paa likashuka lote juu ya mipira yao.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya maji tu, boza likienda lambo na kurudi hadi usiku wa manane.

Saa 12:15 asubuhi. Walimpata kijana karibu na mlango wa nyuma, upande wa ndani. Kufuli ilikuwa upande wa nje. Mlango ule ulifungwa kila siku kwa ajili ya wezi.

Marobota yaliendelea kufuka hadi siku ya nne. Ilibidi waya zikatwe, yafumuliwe moja moja, na mengine yaliyoonekana meupe yalikuwa mekundu moyoni.

Jumamosi vibarua walikuja kuchukua ujira wao wa wiki. Daftari lilikuwa limelowa, kurasa zimegandana, likasomwa kwa mpangilio uleule. Lilipofika jina lile mjomba alisogea, akaweka dole gumba, akapewa pesa za siku tano na nusu.