Filamu "Sahara": maji ya kisima, mfungwa Mwitaliano na sajini mweusi

Filamu ya vita "Sahara" ilitoka Marekani mwaka wa 1943, wakati vita vyenyewe vilikuwa bado vinapiganwa. Haina rangi. Mwigizaji wake mkuu, Humphrey Bogart, hapigi mateke ya karate na hana bunduki ya kuangusha watu hamsini kwa mara moja. Pamoja na hayo, kila inapoonyeshwa hapa kwetu watu hawaondoki kimya. Vijana husifu kifaru. Wazee huuliza juu ya askari mweusi. Nao akina mama wa familia zilizohama huzungumza juu ya maji tu, na kwa maoni yangu wao ndio wanaoielewa vizuri zaidi.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mnamo Juni 1942 mji wa Tobruk, nchini Libya, umeanguka mikononi mwa Wajerumani na Waitalia. Sajini Gunn, Mmarekani, anarudi nyuma jangwani na kifaru chake anachokiita Lulubelle. Njiani anaokota Waingereza waliopotezana na kikosi chao, pamoja na Mfaransa mmoja. Kisha anakutana na Tambul, sajini wa Sudani, anayetembea mchangani na mfungwa wake Giuseppe, askari wa Italia. Maji yaliyobaki ni kidogo sana.

Hapo ndipo ubishi wa kwanza unapoanza. Gunn anakataa kumpakia Giuseppe. Anasema maji hayatatosha watu wote, na huyu ni adui. Giuseppe analia, anaonyesha picha ya mke na mtoto wake, kifaru kinaondoka, anabaki akikifuata kwa miguu. Baada ya mwendo mfupi Gunn anasimama na kumchukua. Watazamaji wengine husema huo ni ujinga, kwamba kiongozi anapaswa kufikiria watu wake kwanza. Wengine hujibu kwamba Mwitaliano yule hakuchagua vita. Mtu aliyewahi kupanga bidon mstari tangu saa kumi na moja ya asubuhi, huku wenye mtaa wakinung'unika kwamba wageni wanamaliza maji, haangalii sehemu hiyo kama mchezo. Mimi nasimama upande wa wanaomtetea Gunn kwa kurudi, ingawa nakubali kwamba hesabu yake ya kwanza haikuwa ya uongo. Maji kweli hayakutosha.

Tambul ndiye anayejua jangwa. Anawaongoza hadi kwenye kisima, anashuka ndani, na anakinga tone kwa tone huku wenzake wakisubiri juu. Baadaye kikosi cha Wajerumani karibu 500 kinafika kikiwa na kiu kali. Gunn anaamua kukizuia hapo ili jeshi la Uingereza lipate nafasi ya kujipanga. Anawaambia Wajerumani kwamba atawapa maji wakitoa bunduki. Hawajui kwamba kisima kimekauka. Watu wasiozidi kumi wanazuia mamia kwa sababu ya maji ambayo hayapo! Vijana wengi husema sehemu hii haiwezekani, nami nadhani wana haki. Filamu ilitengenezwa ili kuwatia moyo Wamarekani, na jangwa lenyewe tunaloliona liko California.

Lakini ubishi mkubwa ni juu ya Tambul. Rubani Mjerumani aliyetekwa anakataa kupekuliwa naye kwa sababu ni mtu mweusi. Gunn anajibu kwa kejeli kwamba weusi huo hautachafua sare yake nzuri. Rubani huyohuyo baadaye anamuua Giuseppe na kutoroka, na Tambul anamkimbiza na kumuua kwa mikono yake mchangani, kabla ya yeye mwenyewe kupigwa risasi. Wanaompenda Tambul husema ndiye shujaa wa kweli. Wasioridhika huuliza kwa nini shujaa huyo lazima afe, na kwa nini anachezwa na Mmarekani.

Ni kweli, mwigizaji ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Tukumbuke lakini kwamba mwaka huo jeshi la Marekani lilikuwa bado linatenga weusi na weupe. Amri ya kuondoa ubaguzi huo ilitolewa na Rais Truman mwaka wa 1948. Kumwonyesha sajini mweusi akila, akizungumza na kugawana kikombe cha maji na weupe kama mwenzao lilikuwa jambo ambalo kambi za Marekani hazikuwa nalo.

Sasa kuna swali ambalo husikika karibu kila mara: je, Waafrika weusi walikuwako kweli katika vita vile, au ni mambo ya sinema? Walikuwako, tena wa karibu nasi. Bir Hakeim, katika jangwa hilohilo la Libya, Wafaransa huru wa Jenerali Koenig walizuia jeshi la Rommel kuanzia mwisho wa Mei hadi 11 Juni 1942. Kati yao kulikuwa na kikosi kizima kutoka Oubangui-Chari, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo tu ya mto Ubangi.

Na sisi wenyewe? Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1941 askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakapitia Sudani, wakapigana na Waitalia huko Abisinia. Waliteka Asosa mwezi wa Machi, wakapigana Gambela, na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwao pale Saio, pamoja na majenerali wengine na maelfu ya askari. Tambul wa sinema ana mfungwa mmoja Mwitaliano. Wakongomani walikuwa na maelfu. Askari na wapagazi wengi walikufa huko, si kwa risasi tu bali pia kwa magonjwa. Baadaye wengine walipelekwa Nigeria, na kutoka huko hadi Misri na Palestina.

Waliporudi, kazi yao ilikuwa ileile. Amri zilitolewa na maafisa Wabeleji, na Mkongomani, hata aliyeona Saio, alibaki na cheo cha chini. Hadi uhuru wa 1960 Force Publique haikuwa na afisa hata mmoja Mkongomani. Cheo cha Tambul, sajini, kilikuwa karibu na dari. Katika jambo hilo filamu ilisema ukweli bila kukusudia.

Kule Faradje, katika Haut-Uele, kuna mnara wa umbo la piramidi wa kuwakumbuka askari wa Abisinia. Na hapa Bukavu watu hutaja jina Saio kila siku, kwa sababu ni jina la kambi ya jeshi, Camp Saïo. Niliwauliza vijana kadhaa jina hilo limetoka wapi. Wengi walidhani ni la mkoloni fulani. Ni la mji ulioko kwenye milima ya Ethiopia, ambao leo unaitwa Dembi Dolo, na huko ndiko askari wetu walikopokea bunduki za Waitalia.