Hasira ya Mkisii Iko kwa Damu? Wacha Tuulize Historia

Juzi nilikuwa kwa matatu kutoka Keroka kuingia Kisii mjini. Abiria mmoja anagombana na konda juu ya chenji ya hamsini bob. Msee nyuma yangu akasema, "Wachana na yeye, ni Mkisii, hiyo hasira iko kwa damu." Gari nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini nikifika nyumbani swali likabaki: kwani ni ukweli?

Turudi 1908. Januari mwaka huo, kijana anaitwa Otenyo alimdunga mkuki afisa Mwingereza, Geoffry Northcote, yule wazee wetu walimwita Nyarigoti. Wakoloni wakaona ni ushenzi tu. Hawakutaka kukumbuka kwamba 1905 jeshi lao lilikuwa limekuja huku, likaua watu na kubeba mifugo. Baada ya mkuki wa Otenyo wakarudi tena. Walichoma nyumba, wakachukua maelfu ya ng'ombe, na wakaua watu wengi mpaka Winston Churchill, ambaye alikuwa wizara ya makoloni London, akalalamika. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Sasa niambie, hapo nani alipimwa kama ana damu ya fujo?

Waliopimwa ni Waafrika. Miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alidai ubongo wa Mwafrika umezaliwa dhaifu. Mwenzake F. W. Vint akapima bongo za maiti kutafuta ushahidi. 1933 walowezi wakaunda hadi chama cha "kuboresha kizazi". Mkuu mwingine wa Mathari, J. C. Carothers, akalipwa na serikali kueleza Mau Mau, na ripoti yake ikatoka 1954. Ndani yake, shida kubwa ni akili ya Mkikuyu iliyochanganyikiwa. Mashamba yaliyonyang'anywa yakawekwa kando. Umeona ujanja? Ukisema tatizo liko kichwani mwa mtu, hutaulizwa ulimfanyia nini.

Poa, na sayansi ya leo? Jeni zina sehemu yake, nisiwadanganye. 1993 watafiti waliandika kuhusu familia moja ya Uholanzi ambapo wanaume kadhaa walikuwa na jeni ya MAOA iliyokufa kabisa, na walikuwa na hasira za ghafla na fujo. Lakini hiyo ni nadra sana. 2002 ukaja utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuata watoto tangu kuzaliwa. Wavulana wenye MAOA inayofanya kazi polepole walikuwa na fujo zaidi kama waliteswa utotoni. Wenye jeni hiyo hiyo waliolelewa vizuri hawakuwa hatari kuliko wengine. Na hiyo jeni ya polepole iko kwa wanaume wengi sana, kila bara. Haina kabila.

Tena angalia mpaka wa Borabu na Sotik. Sisi na Wakipsigis tulipigana 1992, mwaka wa uchaguzi. Tukapigana tena mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi. Katikati tunauziana maziwa na ndizi, tunaoana. Jeni hazibadiliki ndani ya miaka 5, na DNA haijui tarehe ya kupiga kura. Wanasiasa wanaijua.

Kwa nini hii kitu inaniuma? Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. 2008 pia, watu 11 walichomwa hapa Kisii kwa madai hayo hayo. Tukisema "ni damu ya Wakisii", tunawaachilia walioeneza uvumi, walioleta petroli, na sisi wengine tuliosimama tukirekodi na simu. Damu haiwashi kiberiti. Mkono wa mtu ndio unawasha, na huyo mtu ana jina.

Kwa hivyo siku nyingine mtu akikuambia hasira yako iko kwa damu, usicheke haraka kama mimi. Carothers alilipwa kusema maneno kama hayo. Sisi tunayasema bure.