Kituo cha umeme cha gesi na mvuke

Kituo cha gesi na mvuke ni kituo cha umeme kinachochoma gesi mara moja na kulitumia joto lake mara mbili. Hewa hushindiliwa, huchanganywa na gesi na kuwashwa. Moto huo huzungusha turbini ya kwanza iliyoungwa na jenereta. Moshi unaotoka humo bado una joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Katika kituo cha kawaida cha turbini ya gesi moshi huo hupaa na joto lake lote. Hapa hupitishwa kwenye boila, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha turbini ya pili. Turbini ya gesi ikiwa peke yake hugeuza kuwa umeme kama theluthi tu ya nishati iliyomo katika gesi. Vituo bora vya gesi na mvuke duniani huvuka asilimia 60.

Mfano mzuri wa Afrika Mashariki ni Kinyerezi II ya Dar es Salaam, mali ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yenye uwezo wa megawati 240. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Machi 2016 na kuizindua Aprili 2018. Kampuni ya Sumitomo ya Japani ndiyo iliyoijenga, kwa turbini sita za gesi na mbili za mvuke. Lakini kazi kubwa ilitangulia mbali na hapo: bomba la gesi la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, lililozinduliwa Oktoba 2015. Bila bomba hilo, mitambo ile ingekuwa mapambo.

Kuiendesha kunataka subira. Turbini ya gesi huwaka na kushika kasi kwa dakika chache. Upande wa mvuke hauharakishwi: vyuma vyake ni vinene, na vikipashwa moto ghafla hupata nyufa. Kwa hiyo kituo cha namna hii hupenda kufanya kazi usiku na mchana, si kuzimwa na kuwashwa kila jioni. Maji ya boila nayo husafishwa mno kuliko ya kunywa, kwani chumvi kidogo tu hugandia mapanga ya turbini na kula mabomba.

Ukiyapima masharti hayo kwa miji ya Butembo na Beni, jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, utaona kwa nini kituo kama hicho hakipo huko. Hakuna bomba la gesi. Petroli na dizeli huja kwa malori kupitia Kasindi, mpakani na Uganda, baada ya safari ndefu kutoka bandari ya Mombasa, na bei yake humwumiza kila mwenye groupe, jenereta ya dukani au ya nyumbani. Mitandao ya waya nayo ni midogo mno kumeza megawati 240.

Gesi ya jimboni ipo, ila iko kusini, chini ya Ziwa Kivu: methani takriban mita za ujazo bilioni 60, iliyoyeyuka katika maji ya kina kirefu. Upande wa Rwanda, KivuWatt ya Karongi imekuwa ikizalisha megawati 26 tangu mwanzoni mwa 2016, tena kwa injini za gesi bila turbini wala mvuke. Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi ya ziwa hilo Julai 2022.

Njia nyingine za umeme zipo. Tangu sheria ya umeme ya Kongo ya Juni 2014 ilipoondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, watu binafsi wameruhusiwa kuzalisha na kuuza umeme. Beni ilipata mtandao mdogo wa jua wa kampuni ya Nuru mwaka 2017, wa kilowati 55. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, imekuwa na kituo kidogo cha maji tangu 2013, hata kabla ya sheria hiyo, kilichoanzishwa na Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Matebe, kule Rutshuru, ilifuata Desemba 2015 kwa takriban megawati 13. Ingehitajika mito kama ya Matebe kumi na minane hivi ili kuifikia Kinyerezi II. Hata hivyo, kwa Butembo na Beni mto wa karibu ndio chaguo la busara zaidi: maji yake hayapiti forodhani Kasindi.