Radio City: Albamu Iliyosifiwa Isifike Madukani

Mwezi Mei 1973, waandishi wa muziki zaidi ya 100 walikusanyika Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Ajenda iliyotangazwa ilikuwa kuunda chama chao. Lakini mwandaaji, John King wa studio ya Ardent, alikuwa na lake moyoni: alitaka waisikie bendi ya Big Star ikipiga jukwaani.

Wakati huo bendi ilikuwa imekwisha sambaratika. Albamu yake ya kwanza, #1 Record ya mwaka 1972, ilisifiwa magazetini lakini madukani ilikuwa adimu. Chris Bell, mmoja wa watunzi wake wawili wakuu, akajitoa. Usiku ule walipanda watatu: Alex Chilton, Andy Hummel na Jody Stephens. Wahakiki waliinuka vitini wakacheza, na shangwe zao zikawapa vijana hao moyo wa kurudi studio.

Albamu ya pili, Radio City, ilitoka Februari 1974. Jalada lake ni picha ya William Eggleston: dari nyekundu kama damu, balbu tupu katikati, nyaya nyeupe zikitambaa kuifuata. Muziki wenyewe una ukali huohuo. Katika wimbo “September Gurls”, usiofika hata dakika tatu, gitaa la Chilton linalia kwa sauti nyembamba inayong'aa, juu yake sauti ya kijana mwenye majonzi ya mapenzi. Mtindo huu wa nyimbo fupi, tamu, zenye gitaa kali la umeme ndio unaoitwa pawapopu.

Wahakiki waliipokea kwa mikono miwili. Majarida ya biashara ya muziki, Billboard likiwamo, yaliisifu. Mhakiki Robert Christgau wa New York, ambaye hakuwa mwepesi wa kugawa alama, aliipa A.

Lakini sifa haisambazi santuri. Kampuni ya rekodi ya Stax, iliyosambaza rekodi za Ardent, ilitegemea kampuni ya Columbia kupeleka mzigo madukani, na wakati huo wawili hao walikuwa wamekosana. Msomaji aliyevutiwa na uhakiki alifika dukani asiikute. Ziliuzwa nakala zipatazo 20,000 tu, na Hummel alikuwa ameiacha bendi kabla albamu haijatoka, aendelee na masomo ya chuo.

Hata hivyo, wachache walioipata hawakuiachia. Mwaka 1986 The Bangles walitoa toleo lao la “September Gurls”. Mwaka uliofuata The Replacements walitoa wimbo wenye jina la Alex Chilton. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliiweka Radio City miongoni mwa albamu 500 bora za nyakati zote. Bell hakuyaona hayo; alifariki kwa ajali ya gari Desemba 1978.

Wahakiki wa 1974 hawakukosea. Walichoshindwa ni kuijaza rafu ya duka, na kazi hiyo haikuwa yao. Yao ilikuwa kushuhudia kwamba kazi ile ni bora, na ushahidi wao umedumu kuliko Stax yenyewe, iliyofilisika kabla ya mwaka 1975 kwisha.