Mji Uliowazwa Kabla ya Kiwanda

Mwaka wa 1902, tajiri wa Bara Hindi, Jamsetji Tata, alimwandikia mwanawe Dorab barua juu ya mji wa wafanyakazi wa chuma, ijapokuwa mahali pa kuujenga palikuwa hapajapatikana. Alimwusia aweke njia pana zenye miti ya kivuli, viwanja vya michezo, na nafasi za mahekalu, misikiti na makanisa. Akafariki mwaka wa 1904, asione hata tofali moja.

Kiwanda kilijengwa Sakchi, na chuma cha pua kikatoka mwaka wa 1912. Kampuni yenyewe ikawapatia watu nyumba, maji, hospitali na shule. Mwaka wa 1919 mji ukaitwa Jamshedpur, kwa kumkumbuka mzee yule aliyetambua ya kuwa mwenye kuchochea tanuri naye ahitaji kivuli.