Mamilioni ya Tamasha la Lamu: Yanahesabiwaje, na Yanabaki kwa Nani?

Tamasha la utamaduni la Lamu likimalizika, kwa kawaida mwezi wa Novemba, hukosi kusikia kwamba mji umeingiza mamilioni. Mashindano ya mashua yamefana, punda wamekimbia, bao limechezwa, hoteli zimejaa. Mimi napenda tamasha hili. Lakini namba hiyo ndiyo inayobebwa kuomba bajeti ya mwaka unaofuata, na mama wa mahamri pale Langoni ana haki ya kujua ilivyopatikana.

Kwanza, wanaohesabiwa ni wageni tu. Mtu wa Mkomani akinunua sharubati ufukoni siku ya tamasha, hajaleta pesa mpya. Shilingi imehama mfuko mmoja wa Lamu ikaingia mwingine. Vivyo hivyo pesa za kaunti zikilipa ngoma na mahema: hizo zilikuwa za wananchi tayari, na zingeweza kwenda kwenye dawa au madarasa.

Pili, kati ya wageni wenyewe, waondoe wale ambao wangekuja hata bila tamasha. Mtalii aliyekodi nyumba Shela miezi mitatu nyuma hakuletwa na mbio za punda. Swali la kumuuliza ni moja: "Ungekuja wiki hii kama hakungekuwa na tamasha?"

Nitoe mfano, na namba hizi ni za kuelezea tu. Tuseme wameshuka watu 3,000, kila mmoja akatumia shilingi 9,000 kwa siku zote alizokaa. Mwenye haraka atatangaza milioni 27. Sasa toa 1,200 ambao ni watu wa Lamu wanaorudi kwao, kisha 600 ambao wangekuja tu. Wanabaki 1,200, na pesa zao ni milioni 10.8. Mwaka wenyewe haukuwa mbaya. Hesabu ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbaya.

Hata hizo 10.8 hazikai zote. Soda na maji ya chupa hutoka nje, petroli ya boti hutoka nje, na nyumba kadhaa za kulala wageni ni mali ya watu wasioishi hapa. Kinachobaki zaidi ni cha samaki, mahamri, nauli ya nahodha, uchoraji wa hina, na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Na hapa lazima uamue mwenyeji ni nani. Ukihesabu kisiwa cha Amu peke yake, ndizi za Mpeketoni ni pesa iliyovuja. Ukihesabu kaunti nzima, haijavuja.

Kuna pia wanaopenda kuzidisha mara tatu, wakisema pesa huzunguka. Ni kweli huzunguka. Ila kama katika kila shilingi 100 zinabaki Lamu 40 kila inapotumika tena, mzunguko wote unafika kama shilingi 167, basi. Mahali panaponunua vitu vingi kutoka nje hapawezi kuzidisha mara tatu.

Jihadhari pia na mwaka wa kulinganisha. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka wowote ukiuweka kando ya huo utaonekana wa neema.

Maulidi ndiyo yanayoumbua vitabu vya hoteli. Mfungo Sita, wageni wanaokuja kwa Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, wengi hulala majumbani, kwa jamaa na marafiki. Ukiuliza mapokezi ya hoteli utaambiwa hakuna jipya, na huku boti zimejaa na mchele umepanda bei. Mwenye nyumba aliyelaza watu kumi amepika kwa mfuko wake. Kiuchumi hiyo ni gharama ya mwenyeji, na inafaa iandikwe upande wa kutoa. Kwake yeye ni thawabu, na hakuna fomula ya kuiingiza hiyo. Mpangaji wa kaunti anayetazama vitanda vya hoteli tu ataona Maulidi hayana faida, akayanyima hata taa na usafi.

Bahati yetu ni kwamba Lamu ni kisiwa. Hata anayekuja kwa ndege hutua Manda akavuka kwa boti. Vijana wachache wenye karatasi na kalamu, wakisimama jeti ya Amu, jeti ya Shela na upande wa Mokowe, wanaweza kumuuliza kila abiria wa kumi anatoka wapi, atalala wapi, ametumia nini. Wafanye hivyo wiki ya tamasha, wiki ya Maulidi, na wiki moja ya kawaida isiyo na shughuli yoyote, kwa maswali yale yale. Na wasisahau kuwauliza manahodha walivusha safari ngapi.