Gurudumu la Fizeau Ndani ya Punje ya Silikoni

Galileo alipoandika, katika kitabu chake cha mwaka 1638, habari za watu wawili wenye taa wasimamao mbalimbali usiku, mmoja akifunua taa yake na wa pili akifunua yake mara aionapo ya mwenziwe, aliuliza suali ambalo jibu lake halikupatikana juu ya ardhi ila baada ya karne mbili na zaidi: nuru huchukua muda gani kwenda na kurudi? Jaribio lake halikumpa jibu, kwa kuwa mkono wa binadamu ni mzito mno kwa kazi hiyo, ilhali nuru hukata karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja.

Aliyefaulu ni Mfaransa Hippolyte Fizeau, mwaka 1849. Alisimamisha gurudumu lenye meno 720 huko Suresnes, karibu na Paris, akapeleka nuru katika mwanya baina ya meno mawili, ikaenda hadi Montmartre, mwendo wa mita 8,633, ikakuta kioo, ikarudi. Gurudumu lilipokwenda polepole nuru ilirejea kwa mwanya ule ule ilikotokea. Lilipofikishwa mizunguko 12.6 kwa sekunde, ilikuta jino limekwisha kuziba njia, na jicho la mwenye kutazama likaona giza. Fizeau hakuwa na saa ya kugawa sekunde mafungu elfu kumi na nane, wala hakuihitaji, maana mlango ufungukao na kufungika kwa kipimo kijulikanacho ulimtosha. Nami naona kwamba tarehe yote ya pikseli zipimazo masafa kwa safari ya nuru ni tarehe ya mlango huo, jinsi ulivyopunguzwa hatta ukaenea ndani ya punje ya silikoni.

Njia ilifunguliwa mwaka 1969, pale Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, walipovumbua namna ya kuhamisha chaji za umeme chini ya vilango vilivyopangwa juu ya silikoni. Nuru ikiangukia silikoni huzalisha elektroni, na kilango chenye volti huzivuta upande kiutakao. Mwaka 1995 Peter Seitz na wenzake huko Zürich walieleza pikseli iwezayo kuzigawa elektroni hizo kwa kufuata mdundo wa taa ya kamera, iwakayo na kuzimika upesi. Katika miaka hiyo hiyo Rudolf Schwarte, katika Chuo Kikuu cha Siegen, Ujerumani, alikuwa akijenga pikseli yake ya vilango viwili. Na mwaka 2001 Robert Lange na Seitz wakatangaza kamera kamili ya namna hii.

Tuitazame pikseli hiyo kwa karibu. Ni kama mtu aliye bombani na ndoo mbili, akiuhamisha mpira wa maji kutoka ndoo hii kwenda ile bila kukosea mdundo. Tuseme taa huwaka nanosekunde 25 na kuzimika 25, yaani duru milioni 20 kwa sekunde. Ndoo ya kwanza hupokea wakati taa iwakapo, ya pili wakati izimikapo. Mkono ulio mita moja mbele ya kamera huirudisha nuru baada ya nanosekunde 6.7, basi katika kila elektroni 100, 73 huingia ndoo ya kwanza na 27 ya pili. Ukisogezwa hadi mita tatu, hesabu hugeuka ikawa 20 kwa 80. Hapana saa ndani ya pikseli. Masafa husomwa katika mgawanyo wa ndoo.

Taabu kubwa ilikuwa kwamba nuru itumikayo, ile iliyo ng'ambo ya wekundu ambayo macho hayaioni, huzama ndani sana katika silikoni, na elektroni zizaliwazo huko chini huzurura na kufika zimechelewa, zikaingia ndoo isiyo yao. Maarten Kuijk wa Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, alipitisha mkondo wa umeme ndani ya silikoni yenyewe ili uzikokote upesi. Kwangu mimi hiyo ni hikima ya hali ya juu. Kisha kuna jua, ambalo hujaza ndoo zote mbili sawasawa hatta zikafurika, na kwa sababu hiyo wabunifu walilazimika kuweka katika kila pikseli njia ya kuchota ziada iliyo sawa na kuiacha tofauti tu.

Kamera ya SwissRanger kutoka Uswisi ilikuwa na pikseli 176 kwa 144. Mwaka 2013 Microsoft, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Canesta ya California, ilitoa kamera ya Kinect yenye pikseli 512 kwa 424, kila moja ikiwa na upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, na milango yake ikiweza kufunguka na kufungika mara milioni 130 kwa sekunde. Gurudumu la Suresnes lilifanya hivyo mara elfu tisa, likahitaji kilima kizima cha Montmartre upande wa pili.